Zakariya Muhdhar Hakuwa Kiziwi

Masalkheri, wasikilizaji wapendwa. Mlio Bondeni, mlio Tudor, mlio Liwatoni mnaokosha vyombo baada ya kazi, wekeni mikono chini kidogo mnisikilize. Leo tunamkumbuka Zakariya Muhdhar, fundi wa ngozi wa Bondeni, aliyekuwa mwamuzi wa mwendo katika mbio za magari ya punda kwa miaka ishirini na miwili. Zakariya amefariki Jumanne iliyopita asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja. Amezikwa Kikowani siku hiyo hiyo, baada ya sala ya Alasiri.

Jambo moja nataka mlishike tangu sasa. Zakariya Muhdhar hakuwa kiziwi. Nitalirudia tena na tena kabla kipindi hakijaisha, kwa sababu wapo watu katika mji huu waliojitahidi sana ili muamini kinyume chake.

Tuanze na duka lake. Lilikuwa chumba kimoja tu, mlango wa mbao, benchi moja ya wateja, na harufu ya ngozi na nta iliyokufuata hadi nyumbani. Humo ndani Zakariya alishona hatamu, vigwe na mikanda ya kifua ya punda. Alishona kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, uzi wa kitani uliopakwa nta, na kila tundu alilitoboa mwenyewe kwa msharasi wa marehemu babake. Ukimwona punda wa maji anapita Tudor na mikanda imemkaa vizuri, hana kidonda begani, jua hiyo ilikuwa kazi ya Zakariya.

Binti yake Lamis, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, ameniambia hivi: "Baba alikuwa hatoki nje kumtazama punda. Yuko ndani, ameinamia ngozi, mteja ndio kwanza anafika. Baba anasema, huyo mkanda wa tumbo umembana, mlegeze kwanza ndipo uingie. Na kweli, ukienda kutazama, umembana."

Alikuwa anasikia kwato. Kwato tu. Hicho ndicho kilichompeleka katika mbio.

Kwa wasiozijua mbio zenyewe, nitaeleza kwa ufupi. Kila mwaka, Jumapili ya mwisho kabla ya Ramadhani, punda kumi na wawili hufungwa vigari vyepesi vya magurudumu mawili, na dereva mmoja mmoja juu. Hutoka Liwatoni hadi Makadara. Sheria kubwa ni moja. Punda aende telki. Haruhusiwi kwenda shoti. Telki ni ule mwendo wa haraka lakini wa adabu, miguu inapokezana, tak, tak, tak, tak, sawasawa kama mtu anayetwanga. Shoti ni punda kutimua mbio, kwato zinarundikana pamoja, halafu pana kimya kidogo punda akiwa hewani. Punda akivunja telki akaingia shoti, dereva lazima amvute, ampoze, aachie nafasi yake. Asipomvuta, ametoka mashindanoni. Sheria hiyo iliwekwa na wazee wa zamani ili kigari kisipinduke juu ya watu, na ili punda asiuawe kwa ajili ya kikombe.

Sasa, mwamuzi wa mwendo husimama kona ya mwisho na kitambaa chekundu. Waamuzi wengine wote mliowahi kuwaona hukodoa macho. Zakariya alikuwa akiipa barabara mgongo. Ndiyo, mgongo. Alisimama ameutazama ukuta, kitambaa mkononi, anasikiliza. Akisikia shoti, kwanza anainua kitambaa na kuita, ndipo anapogeuka kutazama ni punda wa nani. Watu walimcheka miaka ya mwanzo. Aliwajibu kwa utaratibu wake ule: "Nikimwona mwenye punda, nitamwonea haya. Nikiutazama ukuta, simuonei haya mtu."

Na hakumwonea haya mtu. Mwaka wa tano wa uamuzi wake aliinua kitambaa, akageuka, akamkuta shemeji yake mwenyewe, ndugu wa mkewe Bi Mwanakhamis, amesimama juu ya kigari na kikombe kishaanza kumchekea. Shemeji alitolewa. Bi Mwanakhamis anakumbuka vizuri. "Nilinuna siku tatu," ameniambia. "Sikumpikia. Akenda akanunua mahamri, akala peke yake, wala hakuniomba radhi. Siku ya nne nikamwambia, haya, babake Lamis, n'shakufahamu. Njoo ule." Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia.

Sasa niingie kwa wale wengine, na mnisamehe sauti yangu ikibadilika.

Miaka sita iliyopita mbio zilipata Kamati mpya. Wazee waliopanda punda maisha yao yote waliambiwa wapumzike, wakaja mabwana wa fulana zenye nembo. Mwenyekiti wao simtaji jina. Ana mabango ya kutosha yenye jina lake, na leo si siku yake. Ni mtu ambaye hajawahi kumshika punda hata mkia. Huvaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Siku ya mbio yeye na wenzake walikaa chini ya hema, kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, wakinywa maji baridi ya chupa, na nje punda wamesimama juani saa nzima bila hata ndoo. Kila mmoja kati yao alikuwa na cheo. Mkurugenzi wa hiki, mratibu wa kile. Ukimuuliza telki ni nini, anakutazama kama umemtukana.

Mwaka wa pili wa Kamati hiyo Mwenyekiti akanunua punda wake mwenyewe, akampa jina la Jenerali. Mwenyekiti wa mbio ana punda katika mbio. Na hakuna aliyeona ajabu, au waliona wakameza. Jenerali akashinda mwaka huo. Akashinda na uliofuata.

Tuje mwaka juzi. Kona ya mwisho, karibu na Makadara. Aliyekuwa mbele ni Mutunga, mfanyakazi wa reli, ambaye jioni huuza maji Tudor kwa punda wake jike, Tausi. Mutunga alimlea Tausi tangu akiwa mtoto. Nyuma yake akaja Jenerali. Zakariya, mgongo barabarani, alisikia kwato zikirundikana. Aliinua kitambaa. Akaita. Akageuka, na ndipo alipomwona ni nani.

Dereva wa Jenerali alikiona kitambaa. Mutunga ananiambia alikiona na akacheka, kisha akaongeza fimbo. "Mimi Tausi naye alitaka kukimbia," asema Mutunga. "Punda akipitwa hivyo anapandwa na wazimu. Nilimvuta. Nilimvuta hadi mikono ikaniuma, kwa sababu Mzee Zakariya yuko pale na sheria ni sheria. Nikawa wa pili. Wa pili kwa punda aliyekimbia shoti kutoka kona hadi kamba ya kumalizia."

Zakariya alikwenda hemani na kitambaa chake. Akawaambia, Jenerali ametoka. Wakamwambia asubiri. Akasubiri amesimama. Kikombe kikatolewa mbele yake, kwa Jenerali, na picha zikapigwa.

Wasikilizaji wapendwa, hapa pana kituko ambacho ningecheka kama mtu hakufa. Katika kisiwa hiki aliyejua kushona hatamu na mkanda wa kifua vikakaa ni mmoja tu. Kwa hivyo Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya mbio, watu wa Mwenyekiti walibeba vyombo vyote vya Jenerali wakavipeleka vikatengenezwe. Wapi? Kwa Zakariya! Walimpelekea mwamuzi ushahidi wao wenyewe, ndani ya gunia, wakamwambia, fundi, tunavitaka Alhamisi. Akili hizo ndizo zinazosimamia mashindano ya mji mzima.

Zakariya alikunjua gunia. Mshono wa mkanda wa kifua ulikuwa umepasuka kuanzia katikati, unavyopasuka punda anaporuka kwa kifua chote, si unavyochakaa kwa telki. Na kile chuma cha mdomoni, lijamu, kilikuwa na ute wa kijani uliokauka, mzito, wenye harufu. Bi Mwanakhamis aliitwa anuse. "Muguka," anasema, yale majani ya kutafuna, jamii ya miraa, yanayochangamsha. "Muguka na sukari. Nimeishi na ndugu watafunaji, siwezi kuikosea harufu ile. Wamemtafunisha punda wa watu muguka, wallahi."

Zakariya alivipeleka kwenye kikao cha Kamati, amevifunga katika kitambaa safi. Akaviweka mezani. Mratibu mmoja akaziba pua. Mwingine akasema maneno ambayo wao waliyaona ni werevu mkubwa. Alisema, "Mzee, punda hula majani. Ulitaka ute wake uwe wa rangi gani?" Wakacheka wote. Wakaagiza chai.

Siku tatu baadaye tangazo likasomwa redioni. Kamati ya mbio inasikitika kuwaarifu wananchi kwamba mwamuzi wa mwendo, Mzee Zakariya Muhdhar, amepumzishwa kwa sababu ya uziwi wa uzeeni. Kamati inamshukuru kwa utumishi wake.

Uziwi. Walikuwa na maneno mengi ya kumwondolea. Wakachagua hilo, kwa kuwa ndilo lililofuta kila kitambaa alichowahi kuinua.

Mji ukaliamini, maana limetoka redioni. Mwenye duka jirani akaanza kumpigia kelele: "ZAKARIYA, HUJAMBO!" Msikitini vijana wakamshika mkono kumwonyesha kwamba imam ameanza. Wateja wakapungua, nani ampeleke punda kwa fundi wa kusikia ambaye hasikii? Zakariya alikwenda hospitali moja Tudor, akapimwa na Daktari Nasipwondi. Daktari alimwambia masikio yake ni mazima kuliko ya watu wa umri wa watoto wake. Akampa cheti. Zakariya alikiweka mfukoni mwa kanzu, na kukitoa kila alipopigiwa kelele. Kamati ilipoonyeshwa, ilijibu kwamba cheti kimechelewa.

Na nyumbani alianza jambo ambalo Bi Mwanakhamis halisahau. Alikuwa akisikiliza redio kila jioni, saa hii hii. Tangu lile tangazo, kila siku aliipunguza sauti kidogo. Leo chini, kesho chini zaidi, sikio limeinamia rafu, midomo inafuatisha maneno. Alikuwa anajipima. Mtu mzima wa miaka sabini anajipima kama bado anasikia, kwa kuwa mji mzima umemwambia hasikii. "Nikamwambia, babake Lamis, miye sisikii kitu!" asema Bi Mwanakhamis. "Akanambia, miye nasikia. Basi nawe kaa karibu."

Zakariya hakutaka kesi. Hakutaka kikombe, wala hakutaka kurudi kona ile. Alitaka kitu kimoja. Alitaka redio iliyosema ni kiziwi iseme kwamba si kiziwi. Alijua kwamba ushahidi upo, kwa sababu siku ya mbio mtangazaji wa redio alisimama hatua tatu tu kutoka kwake, kwenye kona ile, na kipaza sauti mkononi. Kwato za Jenerali ziliingia ndani ya ukanda wa kurekodia. Akaenda kuuomba.

Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mtangazaji alimwambia ukanda unatafutwa. Mara ya pili alimwambia umefutwa. Mara ya tatu Zakariya alikaa mapokezi tangu asubuhi, akakataa maji, na mtangazaji alipopita alisimama akamwambia: "Mwanangu, umelisema kwa kinywa chako. Lifute kwa kinywa chako. Sina haja nyingine."

Mtangazaji yule alijibu kwa kupaza sauti, kama watu wanavyozungumza na viziwi, mapokezi yote yakageuka: "TUTAANGALIA, MZEE!"

Zakariya akamtazama. Akasema, "Usipige kelele, mwanangu. Nimekusikia tangu mara ya kwanza."

Wasikilizaji wapendwa, mtangazaji huyo ni mimi.

Ni mimi niliyesoma tangazo. Ni mimi niliyesimama konani, nimevaa fulana ya Kamati, kwa kuwa Kamati ndiyo mdhamini wa kipindi chetu cha michezo na bango lao liko mlangoni mwa studio hii hadi leo. Nilisikia shoti kama alivyosikia yeye. Na mnajua nilisema nini hewani? Nilisema, "Na huyoo Jenerali, telki safi kabisa!" Nimewadharau watu wa hemani tangu kipindi kianze, na wanastahili. Lakini wao angalau walikuwa na punda wa kumtetea. Mimi nilikuwa na nini? Fulana. Ukanda haukufutwa. Ulikuwa kwenye droo yangu, chini ya risiti za chai.

Jumanne iliyopita asubuhi Zakariya alikuwa dukani, na Lamis amempelekea chai kabla ya kwenda shule. Nje ukapita mkokoteni. Zakariya hakuinua kichwa. "Huyo yuwachechemea," akasema. "Mguu wa nyuma, wa kushoto. Mwambie mwenyewe asimpakie tena." Lamis akatoka, akatazama, akamwambia mwenye punda. Ilikuwa kweli. Aliporudi ndani, babake ameweka kichwa juu ya ngozi, na msharasi bado uko mkononi. Moyo ulisimama. Neno lake la mwisho lilikuwa la kumsikia punda wa mtu mwingine.

Kamati ilikuja mazikoni. Walikuja na shada la maua kubwa kuliko gurudumu la kigari, lenye utepe na nembo, wakalileta kwenye maziko ya Kiislamu, wakawa hawajui walitue wapi. Mwisho walilisimamisha kwenye ukuta wa choo cha jirani. Mwenyekiti, na miwani yake, akamwendea Bi Mwanakhamis akamwambia kwamba kuanzia mwaka huu kikombe cha mbio kitaitwa Kikombe cha Mzee Zakariya. Bi Mwanakhamis alikuwa ameketi mkekani. Hakuinuka. Akamwambia, "Mume wa watu umemwita kiziwi yu hai. Sasa wamwita kikombe amekufa. Toka, baba, watu wanasoma."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwenyekiti. Nilikuwa nakuja kutoa pole. Bi Mwanakhamis alinitazama, akanijua, akarudisha macho mkekani. Nilirudi studio nikaifungua droo.

Huenda kesho kiti hiki kikawa na mtu mwingine. Haidhuru. Kwa Bi Mwanakhamis, kwa Mwalimu Lamis, kwa jamaa wote wa Bondeni, na kwa Mutunga, aliyemvuta Tausi wakati wa kumvuta, natoa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu Zakariya Muhdhar, ampe kaburi lenye wasaa, na awape subira. Na wewe msikilizaji, kabla hujalala leo, mkumbuke mtu mmoja uliyemwita kiziwi, au mzee, au mkorofi, kwa sababu tu alisikia ulichokuwa unafanya. Kama yu hai, nenda kwake. Mimi nimechelewa kwa siku chache tu, na siku hizo chache haziko tena mikononi mwangu.

Sasa nalifuta kwa kinywa changu, kama alivyoniomba. Zakariya Muhdhar hakuwa kiziwi. Jenerali alikwenda shoti. Mshindi wa mbio za mwaka juzi ni Mutunga na punda wake Tausi. Nilisema uongo hewani, na niliusema nikijua.

Ukanda huu hapa. Mtasikia kwanza kwato za Tausi, telki, tak, tak, tak, tak. Kisha zitakuja za Jenerali, na hata mtoto mdogo atatambua tofauti. Halafu, kabla ya umati, kabla yangu mimi na uongo wangu, mtasikia mtu mmoja akiita, "Shoti!"

Bi Mwanakhamis, najua redio yenu iko rafuni, na sauti iko chini pale pale alipoiacha. Inuka, mama. Ongeza sauti hadi mwisho, mtaa wote usikie. Anayeita ni mumeo.